Kano za ini: ipi ifunguliwe, ipi iachwe

Anayejifunza upasuaji wa tumbo la juu hufika mahali ini limejaa mbele yake, sehemu anayoitaka imejificha nyuma au juu, na mkasi uko mkononi. Anajua kuna kano zinazolishikilia. Kinachomkwamisha ni aanze na ipi na aishie wapi. Mwanafunzi wa anatomia naye hukwama kwa namna yake: ameshika mkunjo wa utando kwenye maiti, na hajui kama ni wa mundu, wa taji au wa pembetatu, kwa sababu utando ni mmoja na hubadili jina kila unapopinda kona.

Neno lenyewe, kano, linapotosha kidogo. Kano ya goti ni kamba ngumu ya nyuzi inayozuia mfupa usihame. Kano za ini, karibu zote, ni mikunjo ya peritoneamu, utando ule mwembamba unaofunika viungo vya tumbo, tabaka mbili zilizobanana mgongo kwa mgongo. Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo 1.5. Mikunjo hiyo haiwezi kulibeba peke yake. Kinacholishikilia hasa ni vena za ini zinazoingia kwenye vena kava ya chini, mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, pale pale chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, pamoja na tishu zilizogandisha sehemu ya nyuma ya ini kwenye kiwambo hicho. Matumbo na misuli ya ukuta wa tumbo navyo hulisukuma kutoka chini. Ndiyo maana ukizikata kano zote ini halidondoki. Hubaki linaning'inia kwenye vena zake, tena hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Kwa hiyo kuuliza kano ipi ni imara zaidi hakumsaidii mwenye mkasi. Kano ya ini hupimwa kwa kilichomo ndani yake na kilichojificha nyuma yake.

Vigezo vya kulinganisha

Kila kano hapa chini imepitishwa kwenye maswali yale yale. Iko wapi na tabaka zake zinaelekea wapi? Ndani yake kuna nini? Ukiifungua, unapata kuona au kushika nini? Huharibika vipi, na kwa nini? Na ni nani mwenye haja nayo?

Kabla ya kuanza, kuna jambo moja la asili linalopunguza mkanganyiko kuliko picha kumi za kitabuni. Mtoto akiwa tumboni, ini hukua ndani ya utando wa mbele unaounganisha mfuko wa tumbo na ukuta wa mwili. Linapokua, huugawa utando huo vipande viwili. Kilichobaki mbele ya ini kinakuwa kano ya mundu. Kilichobaki nyuma, kati ya ini na mfuko wa tumbo, kinakuwa omentamu ndogo. Za taji na za pembetatu ni mahali utando huo unapojikunja kutoka kwenye ini kwenda kwenye kiwambo. Ukiikumbuka picha hiyo, unaweza kufuata tabaka kwa kidole kutoka kitovuni hadi nyuma ya ini bila kupotea.

Kano ya mundu na kano ya mviringo

Hizi mbili huenda pamoja. Kano ya mundu, falsifomu ya vitabuni, inaanzia kitovuni, inapanda kwenye ukuta wa mbele wa tumbo na chini ya kiwambo, kisha inashuka juu ya ini. Ukingo wake wa chini, ulio huru, umebeba kano ya mviringo, ambayo ni mabaki ya vena ya kitovu ya kushoto iliyokuwa ikipeleka damu kutoka kwenye kondo kwenda kwa mtoto. Juu kabisa ya ini, tabaka za mundu zinaachana: la kulia linageuka kuwa tabaka la juu la kano ya taji, la kushoto linageuka kuwa tabaka la mbele la kano ya pembetatu ya kushoto.

Ndani yake, kwa mtu mzima mwenye afya, hakuna kikubwa: mafuta, vena ndogo za kando ya kitovu, na kamba hiyo ya mviringo. Kwa mgonjwa mwenye shinikizo kubwa la vena potali, ile inayoleta damu ya matumbo kwenye ini, mambo ni mengine. Vena hizo hufunguka upya, hunenepa na kujipinda, na huweza kubeba damu nyingi kutoka ini kwenda kwenye ngozi ya kitovu. CT au altrasaundi yenye dopla huzionyesha. Mtu asiyeangalia picha akapitisha kisu cha umeme hapo, hukutana na damu nyeusi kabla hajafika kwenye ini lenyewe.

Kuna kosa moja linalorudiwa sana, nalo ni kuichukulia mundu kama mpaka wa ini la kulia na la kushoto. Kwa macho ndivyo inavyoonekana. Kwa mishipa sivyo. Mpaka wa kweli ni mstari wa Cantlie, unaotoka kwenye kitanda cha kibofu cha nyongo hadi kwenye vena kava, na vena ya ini ya kati hupita humo. Mundu hutenganisha segimenti ya 2 na ya 3 na ile ya 4, kwa hesabu ya Couinaud inayoligawa ini vipande vinane kwa kufuata mishipa yake. Anayepanga kutoa nusu nzima ya kushoto akaifuata mundu, ataiacha segimenti ya 4 pale ilipo. Anayepanga kutoa kipande cha pembeni tu, yaani segimenti ya 2 na ya 3, mundu ndiyo mwongozo wake hasa.

Kuifungua ni rahisi. Kano ya mviringo hufungwa kwa uzi sehemu mbili na kukatwa katikati, na mkia wa upande wa ini huachwa mrefu, kwani ni mpini mzuri wa kulivuta ini chini na mbele. Kisha mundu yenyewe hukatwa kuelekea juu. Iache na upindo wa sentimita moja au mbili upande wa ukuta. Sababu utaiona mbele. Ukifika tabaka zinapoachana, punguza mwendo. Hapo kuna tishu laini kama utando wa buibui, na chini yake tu kuna vena kava na midomo ya vena za ini. Tishu hizo husukumwa kwa ncha butu. Bonde dogo kati ya vena ya ini ya kulia na ile ya kati linaonekana hapo, na ndilo lengo la wengi wanaopanda hadi juu.

Ukiivuta kano ya mviringo kuelekea kwenye ini, inaingia kwenye ufa na kuishia kwenye tawi la kushoto la vena potali. Mara nyingine ufa huo umefunikwa na daraja la nyama ya ini linalounganisha segimenti ya 3 na ya 4. Daraja hilo kwa kawaida halina mshipa mkubwa na hukatwa kwa kisu cha umeme, ila chini yake ndimo zinamopita ateri, vena potali na mirija ya nyongo ya upande wa kushoto. Pitisha kifaa butu chini ya daraja kwanza, ndipo ukate juu yake.

Mundu ina manufaa mengine ambayo wenzake hawana. Ikibaki na mishipa yake ni kiraka kizuri: hutumika kuziba tundu la kidonda cha duodeni, mwanzo wa utumbo mdogo, pale omentamu kubwa, pazia la mafuta lililoning'inia mbele ya matumbo, inapokosekana, na kufunika kisiki cha ateri baada ya kutoa kichwa cha kongosho. Anayejua kwamba huenda akaihitaji baadaye asiikate ovyo wakati wa kufungua tumbo. Msomaji wa eksrei naye ana haja nayo: hewa ikivuja tumboni na mgonjwa amelala chali, mundu inaweza kuonekana kama mstari mweupe wa wima upande wa kulia wa uti wa mgongo.

Inamfaa yeyote anayefungua tumbo la juu. Karibu kila upasuaji wa ini huanza hapa, na hata ikikatwa isivyo lazima hasara ni ndogo, mradi mgonjwa hana shinikizo la vena potali.

Kano ya pembetatu ya kushoto

Lobu ya kushoto, yaani upande wa kushoto wa ini, imeshikwa na kano hii kwenye kiwambo. Tabaka la mbele ni mwendelezo wa tabaka la kushoto la mundu. La nyuma linaungana na tabaka la mbele la omentamu ndogo. Kuelekea kulia tabaka hizo huzidi kuachana kadiri unavyokaribia vena kava. Kuelekea kushoto hukutana na kuishia ncha.

Ncha hiyo ndiyo inayowashangaza wengi. Mara nyingi kuna kijitishu cha nyuzi, mabaki ya ini lililosinyaa, na ndani yake huweza kuwa na vimishipa na vijirija vya nyongo vilivyo hai. Ukikata bila kufunga, unaacha mahali pa kuvuja damu au nyongo. Uzi mmoja hapo unatosha. Kwa baadhi ya watu lobu ya kushoto ni ndefu hadi inaufunika wengu. Kwa hao ncha iko karibu na wengu kuliko unavyotarajia, na mvuto wa haraka huweza kuchana gamba la wengu.

Kwa ini lililo wazi, namna salama ni hii. Mkono wa kushoto unaivuta lobu chini na kulia kwa upole mpaka kano ikaze kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Kitambaa kikubwa kilicholoweshwa hupitishwa nyuma ya kano, juu ya umio na mfuko wa tumbo. Kano ni nyembamba kiasi kwamba kitambaa kinaonekana kupitia utando. Sasa kisu cha umeme kinakata juu ya kitambaa, kutoka nchani kwenda kulia, na kikiteleza kinaunguza kitambaa badala ya umio. Anayeacha hatua ya kitambaa kwa kuokoa dakika moja anaweka umio nyuma ya moto.

Unapokaribia katikati, angalia vena ya chini ya kiwambo ya upande wa kushoto. Inatambaa chini ya kiwambo na kuingia kwenye vena ya ini ya kushoto au karibu nayo. Ni alama nzuri: ukiifuata inakupeleka kwenye mdomo wa vena ya ini, na ukiiona imekaribia ukingo wa kano, umefika mahali pa kusimamisha kisu cha umeme na kutumia mkasi na ncha butu. Walio wengi, vena ya kushoto na ya kati huungana kuwa shina moja kabla ya kuingia vena kava, kwa hiyo jeraha moja hapo linagusa mbili.

Inafungua nini? Lobu ya kushoto nzima hukunjwa kuelekea kulia, na umio wa chini, sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo na mguu wa kushoto wa kiwambo huonekana wazi. Hiyo ndiyo sababu ya zamani ya kuikata katika upasuaji wa umio na tumbo. Siku hizi, hasa kwa kamera, wengi hawaikati: chuma kilichopindwa huinua lobu juu na kano hubaki. Chaguo hilo ni la busara kwa lobu ndogo. Kwa lobu nzito yenye mafuta mengi, chuma huikandamiza muda mrefu na huweza kuichana au kuinyima damu. Hapo kukata kano na kuikunja lobu mara nyingi huwa upole zaidi.

Inamfaa anayetoa segimenti ya 2 na ya 3, na anayefanyia kazi sehemu ya juu ya tumbo penye lobu kubwa. Kwa anayekwenda kulia tu haina faida, na kuikata humwachia lobu ya kushoto inayoyumba.

Kano ya taji na pembetatu ya kulia

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo vitabu vinapochora mistari miwili na kuondoka. Kano ya taji ina tabaka la juu na la chini, na kati yao hakuna utando kabisa. Ini linagusa kiwambo moja kwa moja, nyama kwa nyama, na pahali hapo huitwa eneo tupu. Tabaka la chini linageuka kwenda kwenye figo ya kulia. Kulia kabisa, tabaka zote mbili hukutana na kuwa pembetatu ya kulia, ambayo kwa kweli ni kona tu ya taji. Kuihesabu kama kano ya pekee ni mazoea ya majina.

Ndani ya kano zenyewe hakuna mshipa mkubwa. Hatari yote iko nyuma: vena kava ya chini, tezi ya juu ya figo ya kulia iliyojibana kwenye ini, na vena fupi za ini zinazotoka segimenti ya nyuma na kuingia vena kava moja kwa moja. Baadhi ya watu wana vena ya chini ya kulia ambayo ni kubwa kabisa na hutoa damu ya segimenti ya 6. Ionekane kwenye CT kabla ya siku ya upasuaji, isije ikagunduliwa kwa damu.

Kazi huanza chini. Ini linainuliwa na kuelekezwa kushoto, tabaka la chini linakatwa juu ya figo, kisha kisu kinazunguka pembetatu ya kulia na kupanda kwenye tabaka la juu. Eneo tupu linafunguliwa kwa kufuata tishu laini kati ya gamba la ini na kiwambo. Makosa ni mawili, na kila moja liko upande wake. Ukikaa karibu mno na ini unachana gamba lake na eneo zima linaanza kutoka damu kidogo kidogo. Ukikaa karibu mno na kiwambo unakitoboa.

Tundu la kiwambo si janga likigunduliwa. Hewa inaingia kifuani, kiwambo kinaanza kupepea, na kijana wa usingizi anaona shinikizo la mashine likibadilika. Mrija laini unapitishwa kwenye tundu, uzi unashonwa kuzunguka mrija, mapafu yanajazwa hewa mpaka yaguse, mrija unavutwa huku ukinyonya, na fundo linakazwa wakati huo huo. Lisipogunduliwa, tatizo la kifua hujitokeza usiku, mgonjwa akihangaika kupumua.

Tezi ya juu ya figo inapong'ang'ania ini, iachwe na kipande chembamba cha ini au ikatwe kati ya nyuzi. Kuipasua kwa kidole huleta damu isiyokubali kisu cha umeme, na dawa yake ni kushona. Vena fupi zinafungwa moja moja kutoka chini kwenda juu. Ni fupi mno, zina kuta nyembamba, na klipu iliyowekwa upande wa vena kava huteleza kirahisi ini linapogeuzwa. Kwa zile nene, uzi wa kushona upande wa vena kava ni salama zaidi. Juu, upande wa kulia wa vena kava, kuna mkanda wa nyuzi unaoliunganisha ini na ukuta wa nyuma wa vena hiyo, unaojulikana kwa jina la Makuuchi. Unaonekana kama utando mkavu, lakini huweza kuficha vena ndani. Huzungushwa, hufungwa au kupigiwa stepla, ndipo hukatwa. Ukishaondoka, vena ya ini ya kulia inajitokeza na inaweza kuzungushiwa kamba.

Kuna jambo moja ambalo mpasuaji hulisababisha na mtu wa usingizi huliona kwanza. Ini likigeuzwa sana kwenda kushoto, vena kava hupinda na damu hairudi moyoni. Presha inashuka ghafla, bila tone la damu kuonekana. Dawa ni kulirudisha ini mahali pake, kungoja, kisha kuendelea kwa vipindi vifupi. Tangaza kabla ya kugeuza. Anayeshtukizwa huanza kumwaga maji na damu kwa mgonjwa asiyevuja.

Faida ya njia hii ni kubwa: lobu yote ya kulia inakuja mkononi, na ukata wa ini unafanywa ukiwa umeshika nyuma yake. Gharama yake nayo ni kubwa kuliko za kano nyingine zote kwa pamoja. Kwa uvimbe mkubwa ulioganda kwenye kiwambo, kulisukumasukuma ini ili kuifungua taji huchana uvimbe au mishipa yake. Kwa hao ipo njia mbadala ya kuiacha taji mpaka mwisho: kamba hupitishwa mbele ya vena kava, kati ya vena ya ini ya kulia na ya kati, ini linaning'inizwa na kukatwa kutoka mbele, na kano hufunguliwa baadaye. Belghiti na wenzake waliieleza mwaka 2001. Inahitaji mkono uliozoea, kwani mfereji wa kamba unapitishwa pasipo kuonekana.

Inamfaa anayetoa nusu ya kulia au anayetafuta kitu nyuma ya ini. Haimfai anayetaka tu kutazama.

Kwa msomaji wa picha, eneo tupu lina thamani yake. Maji ya tumboni hayawezi kuingia nyuma ya ini mahali utando haupo, ila maji ya kifuani yanaweza kuonekana nyuma yake. Chini ya tabaka la chini kuna mfuko wa Morison, kati ya ini na figo. Mgonjwa akilala chali ndipo pa chini kabisa katika tumbo la juu, na ndiyo sababu altrasaundi ya dharura huanzia hapo kutafuta damu.

Omentamu ndogo

Ni kano mbili katika pazia moja. Sehemu pana inatoka kwenye ini hadi kwenye mkunjo mdogo wa mfuko wa tumbo. Ukingo wa kulia, ulio mnene na huru, unaelekea duodeni. Kuzichanganya ni hatari, kwani moja unaweza kuichana kwa kidole na nyingine haikatwi kabisa.

Sehemu pana ni nyembamba katikati, hadi lobu ndogo ya nyuma ya ini inaonekana kupitia kwake kama kitu nyuma ya pazia la chandarua. Juu ni nene zaidi, na matawi ya neva vagasi ya ini hupita humo. Kabla ya kuchana, tafuta mapigo. Katika asilimia 10 hadi 20 ya watu ateri ya ini ya kushoto, yote au tawi lake, hutoka kwenye ateri ya kushoto ya tumbo na kupita katika pazia hili. Ukiikata bila kujua na ndiyo pekee inayolisha upande ule, lobu ya kushoto inakosa damu ya ateri.

Ukingo wa duodeni umebeba vitu vitatu: mrija wa nyongo mbele kulia, ateri ya ini mbele kushoto, vena potali nyuma yao. Nyuma ya ukingo kuna mlango wa Winslow, ambamo kidole cha kushoto huingia, na nyuma ya mlango kuna vena kava. Kidole nyuma na dole gumba mbele: umeshika karibu damu yote inayoingia ini. James Hogarth Pringle aliieleza mbinu hiyo mwaka 1908, na bado hutumika karibu kama alivyoieleza, kwa kawaida dakika 15 za kubana na 5 za kuachia. Kwa hiyo kano hii inatumika bila kukatwa. Inazungushwa kamba na kusubiri.

Pia hutoa jibu la haraka. Ukibana na damu ikaendelea kutoka kwa kasi ile ile, chanzo si vena potali wala ateri ya kawaida. Ni vena za ini, vena kava, au ateri ya ziada inayopita sehemu pana ambayo hujaibana. Nyuma ya vena potali, kwa asilimia 10 hadi 15 ya watu, hupita ateri ya kulia inayotoka ateri ya juu ya matumbo. Mapigo nyuma ya mrija wa nyongo ndiyo dalili yake.

Mahali sehemu pana inapoungana na ini, ndani ya ufa, kuna kano ya Arantius, mabaki ya njia ya damu iliyokuwa ikiruka ini kabla ya kuzaliwa. Haishikilii kitu cha maana. Ikikatwa kwenye ncha yake ya juu, shina la vena ya kushoto na ya kati hupata nafasi ya kuzungushwa kamba kutoka kushoto, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kuitafuta.

Omentamu ndogo inamfaa kila anayekata ini, hata kama hataifungua zaidi ya tundu la kidole.

Kuchagua kwa hali

Kipande cha pembeni cha kushoto: kata ya mviringo na mundu, kisha pembetatu ya kushoto, na fungua sehemu nyembamba ya omentamu baada ya kupapasa mapigo. Taji ya kulia iache.

Nusu ya kulia, uvimbe mdogo au wa kati, kiwambo kikiwa huru: mundu hadi juu, kamba kwenye ukingo wa duodeni, kisha taji na pembetatu ya kulia kutoka chini. Baada ya kutoa nusu hiyo, ini lililobaki upande wa kushoto lina nafasi tupu ya kuangukia, na likizunguka vena zake hujipinda na damu hushindwa kutoka. Hapo ndipo upindo ulioachwa wa mundu unapolipa: mundu ya upande wa ini inashonwa tena kwenye upindo huo. Aliyeikata pia pembetatu ya kushoto bila sababu ameondoa nanga ya pili.

Uvimbe mkubwa ulioganda kwenye kiwambo cha kulia: usianze na taji. Njia ya mbele, au mpigie mwenzako aliyeizoea.

Ini lenye makovu ya sirosisi: kila mkunjo una mishipa mipya. Fungua kile tu unachohitaji kwa ukata huo, funga kwa uzi hata panapoonekana pakavu, na kano ya mviringo ikatwe tu baada ya kuangalia picha.

Upasuaji wa umio au wa tumbo: jaribu chuma cha kuinulia kwanza. Lobu ikiwa nzito au ikianza kuchanika, kata pembetatu ya kushoto juu ya kitambaa.

Maiti ya mwanafunzi: anza kitovuni, shika kano ya mviringo, panda na mundu mpaka tabaka ziachane, kisha fuata la kulia kwa kidole cha kulia na la kushoto kwa kidole cha kushoto. Kidole cha kulia kitasimama kwenye eneo tupu. Cha kushoto kitazunguka ncha na kurudi kwenye omentamu ndogo.

Ajali, ini limepasuka, na damu imejaa: kubana ukingo wa duodeni kwanza, kisha vitambaa juu na chini ya ini vya kulikandamiza. Ikiwa damu imetulia nyuma ya lobu ya kulia, taji na pembetatu ya kulia ndizo zinazoizuia isimwagike, na huo ni wakati wa kuziacha zilivyo.